Mshika Mbili wa Pentagon

Wahenga walinena kwamba mshika mbili moja humponyoka. Mabepari wa Marekani wameupindua usemi huo: kwao mwenye kushika mbili huongezewa ya tatu. Leo yeye ni ofisa wa Wizara ya Ulinzi anayenunua silaha. Kesho ni mkurugenzi wa kampuni iliyoziuza. Keshokutwa anarejea serikalini akiwa waziri. Wakaguzi wa Bunge la nchi hiyo waligundua kwamba mwaka 2006 makampuni 52 yenye mikataba na wizara hiyo yaliwaajiri watu 2,435 waliopata kuwa wakubwa au wanunuzi wake.

Habari ya Bibi Darleen Druyun yafaa isimuliwe kwa utuo. Alikuwa mkuu katika ununuzi wa Jeshi la Anga, na mwaka 2002 alikuwa akijadiliana na kampuni ya Boeing juu ya kukodi ndege 100 za kujazia mafuta angani, shughuli ya dola zaidi ya bilioni 20. Kumbe wakati huo huo alikuwa akijadiliana na Boeing hiyo hiyo juu ya ajira yake mwenyewe! Bintiye na mkwewe walikwisha pata kazi humo. Januari 2003 naye akaingia, kwa mshahara wa dola 250,000 kwa mwaka. Mbele ya mahakama, mwaka 2004, alikiri kuwa aliikubali bei ya juu kama zawadi ya kuagana kwa kampuni hiyo. Zawadi, kwa fedha za walipa kodi! Alifungwa miezi tisa.

Wapo watakaosema kwamba basi sheria ilitimiza kazi yake. Wapi! Bibi huyo alinaswa kwa kuharakisha mazungumzo. Angalistaafu kwanza, akangoja muda uliowekwa, ndipo akabisha hodi, nani angalimshitaki? Ofisa ajuaye kuwa kampuni iliyo mbele yake yaweza kumlisha uzeeni hahitaji hongo, tumaini lamtosha. Ataridhia bei, atasamehe ucheleweshaji, na mikono yake itaonekana safi.

Kwa mawaziri mambo ni wazi zaidi. Mark Esper, aliyekuwa akiishawishi serikali kwa niaba ya Raytheon, akawa Waziri wa Ulinzi mwaka 2019. Jenerali mstaafu Lloyd Austin, aliyeshika wizara hiyo mwaka 2021, alitoka kwenye bodi ya Raytheon hiyo hiyo. Chama cha Republican kilitoka, cha Democratic kikaingia, Raytheon ilibaki.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliuona mrija huu mapema, likamkataza kiongozi hisa, ukurugenzi wa makampuni ya kibepari na mishahara miwili. Miiko hiyo ililegezwa Zanzibar mwaka 1991, na mtumishi anayekaa leo kwenye kamati ya zabuni anajua mwenyewe ni nani anayemwahidi kiti baada ya kustaafu.

Na Boeing je? Mwaka 2006 ililipa dola milioni 615 ili mashauri yaishe. Februari 2011 Jeshi la Anga likaipa mkataba wa ndege 179 za kujazia mafuta angani.