"Unanijua Mimi Nani?" Siyo Haki, Mzee Baba!

Msimu wa korosho ukichanganya, mastaa wa Dar wanashuka Masasi na Newala kufuata hela. Shoo ikiisha, bia ziko kichwani na staa yuko kwenye usukani. Trafiki akimsimamisha, kinachomtoka ni kimoja tu: "Unanijua mimi nani?" Akiona ngoma ngumu, anachomoa hela ya "maji".

Huo ni ushamba. Kikomo cha kisheria ni miligramu 80 za kilevi kwa mililita 100 za damu, uwe na hit au huna. Kugoma kupuliza kipimo bila sababu ya msingi nalo ni kosa.

Ila haki zipo kibao! Uambiwe kosa lako. Uombe kumpigia ndugu au wakili. Dhamana ya polisi hailipiwi hata mia. Katiba, ibara ya 13, inasema huna hatia mpaka ithibitike. Hizo ndo za kudai, tena kwa adabu.

Ukihonga, mlevi anarudi barabarani, anateremka kutoka Newala usiku, na mbele yake anakuja bodaboda wa watu.

Haya wadau, staa aachiwe kisa jina?