Ukiambiwa "hapo tu", uliza tena

Haya, wapenda baiskeli, leo tupande Lushoto. Kutoka Mombo hadi mjini ni lami, kilometa 33 hivi, kona tupu. Huko hata mabasi yanapita, mimi sina habari nako. Raha iko kwenye vinjia vya udongo vinavyotoka kijiji hadi kijiji, na mimi huviendea peke yangu, bila mtu wa kunihimiza.

Sasa sikia. Huko ukiuliza njia utajibiwa "hapo tu". Mama mwenye mzigo wa kuni hakudanganyi: yeye anakata bondeni kwa miguu, juu ya mawe na mizizi. Wewe na chuma chako begani utalia! Kwa hiyo natoa shikamoo kwanza, halafu nauliza: "Mama, pikipiki inapita?" Akicheka, nageuza. Bibi mmoja alicheka mpaka akatua mzigo. Nikamshukuru sana.

Breki nakagua kileleni, siyo katikati ya mteremko. Saa kumi jioni, hata njia iwe tamu vipi, narudi, maana saa moja ni giza na bondeni simu mara nyingi haishiki. Pale gesti nimeshaaga naelekea upande gani. Nisipoonekana usiku, wajue pa kuanzia.