Michezo ndani ya darasa, sehemu ya 4: Kichwa kikigongwa, mzazi aambiwe

Mama zangu wa Njombe na Makambako, mvua za Januari mnazijua. Uwanja ni tope tupu, kipindi cha michezo kinahamia darasani. Mimi sisemi kifutwe. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 achangamshe mwili walau dakika 60 kwa siku, mvua inyeshe isinyeshe.

Ila darasa si uwanja jamani. Sakafu ni saruji, viatu vina tope, na kona za madawati ni ngumu. Madawati yasogezwe ukutani, sakafu ikaushwe, madirisha yafunguliwe, na hakuna kukimbizana. Kuruka papo hapo, kunyoosha viungo na kucheza ngoma kunatosha.

Ninalolishikilia leo ni hili: mtoto akijigonga kichwa, shule imwambie mzazi siku hiyo hiyo, hata kama mtoto amenyamaza na kurudi kucheza. Dalili za hatari zinaweza kuja usiku, akiwa kwako. Akitapika mara kwa mara, kichwa kikizidi kuuma, akichanganyikiwa, akiwa mgumu kuamka au akipata degedege, mpeleke hospitali usiku huo huo. Usingoje kukuche. Sasa kama hukuambiwa, si utadhani ni uchovu tu?

Kikao kijacho cha wazazi, nyoosha mkono uliulize hilo. Na wewe mwambie mwalimu kama mwanao ana pumu au kifafa. Usalama wa mtoto ni wa pande zote mbili.

Sehemu ya 5 inakuja.