Mdomo umepinda, sikio linauma? Usisubiri baridi iishe

Chukua mfano wa mama wa miaka 55 anayeishi Marangu. Jumatatu sikio la kulia linamuuma, anasema ni baridi ya Julai inayoshuka kutoka mlimani. Jumanne anaona vipele vya maji kwenye sikio, anapaka mafuta. Jumatano asubuhi chai inamwagikia kwenye kanga. Mdomo umevutwa upande mmoja, jicho la kulia halifumbi, na akisimama anaona nyumba inazunguka.

Nyumbani mjadala unaanza. Mmoja anasema ni kiharusi, mwingine upepo mbaya, wa tatu anadai kuna mtu amemtupia kitu. Wakati wanabishana, saa zinakwenda, na kwa ugonjwa huu saa ndizo zinazoamua.

Dalili hizo zikija pamoja, huenda ni mkanda wa jeshi ulioshika sikio. Wengi wanaujua mkanda unaozunguka mbavu au kiuno. Wachache wanajua kwamba unaweza kutokea sikioni na kuupooza uso.

Chanzo chake ni kirusi kilekile cha tetekuwanga. Mtoto akipona tetekuwanga, kirusi hakitoki mwilini, bali hujificha kwenye mishipa ya fahamu kwa miaka mingi. Kinga ikishuka kwa sababu ya umri, kisukari, saratani au VVU, kinaweza kuamka.

Mshipa unaoendesha misuli ya uso hupita kwenye njia nyembamba ndani ya mfupa, karibu na sikio. Kirusi kikiamka hapo, mshipa huvimba na kubanwa, na upande huo wa uso hulegea. Jirani yake kuna mshipa wa kusikia na wa kumpa mtu mizani. Nao ukiguswa, mgonjwa husikia mlio sikioni, usikivu hupungua, huona kizunguzungu na hata kutapika.

Madaktari huuita ugonjwa wa Ramsay Hunt, kwa jina la daktari wa Marekani, James Ramsay Hunt, aliyeueleza mwaka 1907. Si wa wazee peke yao. Juni 2022 mwanamuziki Justin Bieber, akiwa na miaka 28, alionyesha kwenye video nusu ya uso wake isiyoweza kutabasamu wala kukonyeza.

Siku tatu za mwanzo

Tiba ni vidonge vya kupambana na kirusi, yaani asaiklovia, pamoja na dawa ya kupunguza uvimbe wa mshipa, vyote kwa maelekezo ya daktari. Vinatakiwa kuanza mapema, ndani ya saa 72 ikiwezekana. Utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kuwa kati ya walioanza dawa ndani ya siku tatu, asilimia 75 walipona uso kabisa. Waliochelewa zaidi ya wiki moja, waliopona kabisa walikuwa asilimia 30.

Hata hivyo, aliyechelewa asikate tamaa na kubaki nyumbani. Bado anahitaji kuonwa na daktari.

Nyumbani ufanye nini?

Usimwagie sikio mafuta ya moto, maji ya majani wala dawa iliyobaki ya mtoto. Usitumbue vipele.

Linda jicho. Lisilofumba hukauka na linaweza kupata kidonda kitakachoharibu uwezo wa kuona. Mgonjwa avae miwani, apate matone ya kulainisha jicho hospitalini, na usiku lifungwe taratibu kama alivyoelekezwa.

Watenge watoto wachanga na wajawazito wasigusane na vipele hivyo. Majimaji yake yanaweza kumpa tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuugua.

Usijaribu kuamua mwenyewe kama ni kiharusi au la. Uso ukipinda ghafla, hasa mkono au mguu ukiwa dhaifu au maneno yakitoka vibaya, ni dharura. Kwa hali zote mbili, jibu ni hospitali siku hiyohiyo.

Anayeishi juu mlimani si lazima aanze kwa kushuka mjini. Hospitali za Huruma Rombo, Kilema, Kibosho na Machame ziko karibu na vijiji vingi. Mjini ipo Mawenzi, na mwenye kuhitaji bingwa wa masikio hupewa rufaa kwenda KCMC.

Daktari akishauri kipimo cha VVU, asionekane anamtuhumu mgonjwa. Mkanda wa jeshi huweza kuwa ishara ya kwanza ya kinga kushuka, na anayejua hali yake mapema huanza dawa mapema.

Leo jioni waangalie wazee wa nyumbani wakati wa chakula. Mwenye kulalamika sikio, muulize kama kuna vipele, kisha mwambie atabasamu na afumbe macho. Upande mmoja ukigoma, andaa nauli usiku huo.