Mtu Ameanguka, Mti Umeanguka

Kitenzi ni kilekile, anguka, lakini mtu anakiitikia kwa njia yake na mti kwa njia yake, kila mmoja kwa kanuni ya ngeli yake. Kiswahili cha sokoni Butembo, jiji la Kivu ya Kaskazini mashariki mwa Kongo, hulegeza upatanisho huo. Kinande, lugha ya nyumbani huko, hakina mzaha nao: omundu (mtu) huwa abandu, omuti (mti) huwa emiti, wala hakuna anayefundishwa hilo darasani. Mtoto wa lugha hiyo anapofika chuoni, huandikiwa ubaoni kwa Kifaransa habari za klasi, vitu na urithi. Huzinakili kwa uaminifu, akazikariri kwa ajili ya mtihani, asijue kwamba anafundishwa jambo linalofanana na analolitenda kila afunguapo mdomo.

Somo hilo ni uandishi wa programu kwa vitu, wanafunzi huliita POO. Walimu wanabishana: liwe la kwanza kabisa, au lisubiri?

Ubishi huu haukuzaliwa Kivu. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walitunga lugha ya Simula, chimbuko la uandishi huo wa vitu, mjini Oslo katika miaka ya 1960, wakitaka kuigiza shughuli za dunia ndani ya kompyuta. Java, nayo lugha ya vitu, ilipotoka mwaka 1995, vyuo vingi viliifanya lugha ya kwanza, na mwongozo wa mitaala wa mwaka 2001 wa ACM na IEEE, vyama vya wataalamu wa kompyuta, ukaorodhesha kuanza na vitu kama mojawapo ya njia halali. Miaka kumi baadaye, Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kikaliondoa somo hilo katika kozi zake za mwanzo. Ikiwa wakubwa hawajaafikiana, basi Butembo, yenye Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben tangu 1989, na Beni, yenye chuo kikuu cha Kikristo cha lugha mbili tangu 2007, wana haki ya kuamua kwa kutazama hali yao.

Wanaotaka vitu viwe vya kwanza wana hoja ambayo Oslo hawakuihitaji. Hapa kalenda haiaminiki. Mauaji ya raia pembezoni mwa Beni tangu 2014, Ebola ya 2018 hadi 2020, siku za ville morte, jiji zima linapofungwa kwa mgomo: yote hukata masomo. Sura iliyowekwa mwisho wa muhula ndiyo hutolewa kafara, na mwanafunzi huhitimu bila kuigusa.

Hata hivyo, kuanza na vitu mapema kuna gharama. Kwa Java iliyozoeleka, kuandika salamu moja tu kwenye skrini kunadai klasi nzima na msururu wa maneno ya Kiingereza ambayo mwalimu atasema juu yake, “Haya andikeni tu, tutayaeleza baadaye.” Mwanafunzi anabeba wazo geni, alama ngeni na lugha ngeni kwa mpigo. Anachojifunza siku hiyo ni kutii.

Naona jibu liko katikati ya muhula, na mlango wake ni kibanda cha wakala wa pesa kwa simu. Wakala huyo anashika dola na faranga za Kongo kwa pamoja. Wiki za kwanza, mwanafunzi aandike programu ya kibanda hicho kwa vigeu na fanksheni za kawaida: weka, toa, jumlisha. Hakuna kitakachomzuia kujumlisha dola 50 na faranga 50,000 akapata 50,050 za fedha isiyokuwepo duniani. Mwache akosee. Kisha mwonyeshe Akaunti: klasi inayoficha salio lake, inayojua sarafu yake, na inayokataa kupokea isiyo yake. Hapo kuficha data si fasili ya kukariri tena. Ni kufuli la kasha. Naye aliyekwisha kuibiwa haulizi kufuli ni la nini.

Kwamba umeme ni wa shida si udhuru. Butembo ilikua kuwa jiji la biashara kwa jenereta na paneli za jua. Na hata umeme ukikosekana kabisa kuna njia: mwaka 1989 waandishi wa programu Kent Beck na Ward Cunningham walieleza namna ya kufundisha fikra za vitu kwa kadi za karatasi: juu jina la klasi, kushoto majukumu yake, kulia klasi inazoshirikiana nazo. Mmoja ashike kadi ya Mteja, mwingine Akaunti, mwingine Wakala, waitane na kujibizana. Kusahihisha programu kunahitaji mashine. Kugawa majukumu kunahitaji meza tu. Kwa hiyo sura hii, inayoogopwa kuliko zote, ndiyo inayoweza kufundishwa hata siku ambayo maabara imefungwa.

Atasema mtu: mtihani ni wa Kifaransa, ngeli za nini? Ni kweli kwamba ngeli si klasi ya Java. Omuti hauhifadhi salio. Mfano huo uvushe mwanafunzi hadi ng'ambo, kisha uachwe. Lakini kuna swali moja la mdomo ambalo ningeliongeza kabla ya karatasi ya Kifaransa: mweleze wakala, kwa lugha anayopigia bei, kwa nini daftari lake linaweza kumdanganya na Akaunti yako haiwezi. Atakayeeleweka kibandani amelielewa somo. Atakayeshindwa, hata akiwa na alama nzuri, bado ananakili.