Mteja yupo, hela ipo, benki haijibu

Makamanda, tukisema "ardhi" kwenye vikao vyetu akili inakwenda moja kwa moja kwenye fidia, mipaka ya hifadhi na bomoabomoa. Sawa, hayo ni makubwa. Lakini kuna ardhi nyingine inapotea kimya kimya, nyumba moja moja, na hakuna anayeandamana. Ni nyumba zinazopigwa mnada na benki. Leo nina hoja moja tu: mdaiwa akileta mnunuzi wake mwenyewe, benki ilazimishwe kumjibu kwa maandishi ndani ya siku zinazohesabika, na mnada usubiri jibu hilo.

Mimi ni dalali wa nyumba na viwanja hapa Picha ya Ndege, Kibaha. Siyo dalali wa mnada, yule wa kipaza sauti. Mimi ni yule unayempigia simu ukitaka kiwanja "kisiwe mbali na lami". Najua tunavyosemwa huko mitandaoni, na mengine ni ya kweli. Ila kazi hii inakuonyesha vitu ambavyo mtu wa ofisini havioni, na kimojawapo ni hiki.

Mteja wangu alikuwa mzabuni. Alikopa benki, akaweka rehani nyumba ya familia, vyumba vitatu na uzio, mke wake akasaini ridhaa kama kifungu cha 114 cha Sheria ya Ardhi kinavyotaka. Hela ikaingia kwenye mzigo wa vifaa vya ujenzi aliopeleka kwenye halmashauri moja. Mzigo ukapokelewa, nusu ya malipo ikaja, nusu nyingine mpaka leo "ipo kwenye mchakato". Benki haijui mchakato. Benki inajua tarehe ya rejesho. Ndivyo mkopo wake ulivyogeuka chechefu, na ndivyo wanavyoangushwa watu wengi walioamini kwamba Serikali ni mteja salama.

Aliponipigia simu tayari alikuwa na notisi ya siku 60 mkononi. Deni lilikuwa milioni 81. Akaniambia, "Kijana wangu, nitafutie mtu, nilipe hawa watu, nikapange." Hakuwa anakwepa deni. Alikuwa anataka kuuza kwa hiari kabla hajauziwa.

Mteja nikampata ndani ya wiki tatu. Kwa Picha ya Ndege ya sasa hilo si ajabu. Barabara ya Kimara hadi Kibaha imepanuliwa, viwanda vimejaa, watu wa Dar wanahamia huku kwa kasi. Mume na mke, wote waajiriwa, walikuja na milioni 72, hela iko kwenye akaunti, siyo ya maneno. Ikipelea milioni 9 kufuta deni lote. Yule mzee akasema hizo 9 atalipa kidogo kidogo, aandikishwe popote.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Nyumba iliyo kwenye rehani huwezi kuiuza bila kibali cha maandishi cha benki, kwa sababu hati iko kwao na rehani imesajiliwa. Na ukitaka benki ipokee pungufu ya deni halafu iachie hati, unaiomba kitu ambacho meneja wa tawi hana mamlaka nacho. Tawi likatuambia tuandike barua. Tukaandika. Barua ikaenda makao makuu. Wiki tatu kimya. Tukaulizia, tukaambiwa lazima uthamini mpya, na gharama ni za mdaiwa. Mtu ambaye ameshindwa rejesho anachangishwa hela ya mthamini! Akauza pikipiki, akalipa. Ripoti ikatoka: thamani ya soko milioni 74, thamani ya kuuza kwa haraka milioni 55. Maana yake ofa yetu ya 72 ilikuwa karibu kabisa na bei ya soko. Nikajua tumemaliza.

Wapi! Ripoti ikasubiri kamati. Kamati ikakaa, ikataka maelezo ya chanzo cha hela ya wanunuzi. Tukapeleka. Ofisa aliyekuwa na faili letu akahamishwa, aliyekuja akatuomba nyaraka zilezile upya. Mwezi wa nne nilikuwa napanda gari asubuhi kwenda Posta kukaa kwenye kiti cha mapokezi mpaka saa nane, maana simu hazipokelewi. Hakuna aliyewahi kutukatalia. Hilo liwekeni akilini. Tungekataliwa tungejua pa kuelekea.

Mwezi wa tano tangazo la mnada likatoka gazetini na bango likabandikwa ukutani. Wale wanunuzi wakakimbia. Ungekuwa wewe ungebaki? Unanunuaje kwa milioni 72 nyumba ambayo dalali wa mnada anaitangaza? Ikauzwa mnadani kwa milioni 52. Kwa wakati huo deni, pamoja na riba, faini na gharama za kukusanya, lilikuwa limefika milioni 93. Piga hesabu: mzee hana nyumba na bado anadaiwa milioni 41. Angepokelewa ofa yake angebaki na deni la milioni 9. Na benki nayo imepokea milioni 20 pungufu ya ile hela iliyokuwa mezani. Aliyekula ni mmoja tu, aliyenunua mnadani.

Kwa nini benki ifanye kitu kinachoiumiza yenyewe? Nimeshinda kwenye mapokezi yao siku nyingi kiasi cha kuwa na jibu langu. Benki siyo mtu mmoja. Bei ndogo kwa makubaliano inahitaji sahihi ya mtu, na kesho mkaguzi atamuuliza huyo mtu kwa nini alisamehe milioni 9. Bei ndogo ya mnadani haina sahihi ya mtu. "Taratibu zilifuatwa." Kwa hiyo kila ofisa anasukuma faili kwa mwenzake mpaka mnada unafika na kuwaokoa wote. Siwaiti wabaya. Wanafanya kile ambacho mfumo unawalipa kukifanya, na mfumo hauwezi kurekebishwa na dalali wa Picha ya Ndege anayebembeleza mapokezi.

Sasa njoo kwenye sheria, maana watu wa upande wa pili watasema sheria ipo. Ipo kweli. Kifungu cha 133 cha Sheria ya Ardhi kinaitaka benki inapouza itafute bei bora inayowezekana kwa wakati huo. Kinaenda mbali zaidi: bei ikiwa chini ya wastani wa soko kwa asilimia 25 au zaidi, inachukuliwa kwamba benki imevunja wajibu wake mpaka ithibitishe vinginevyo. Nyumba ya milioni 74 kuuzwa 52 ni karibu asilimia 30 chini. Hata ile "thamani ya kuuza kwa haraka" ya milioni 55 iko chini ya mstari huo, yaani mnada unapangiwa bei ya kuanzia ambayo sheria yenyewe inaitilia shaka, na hakuna anayeshtuka.

Lakini kifungu hicho kinakusaidia baada ya nyumba kuondoka. Unatakiwa ukatafute wakili, ufungue kesi, na wewe ndo kwanza umefilisika. Aliyenunua mnadani naye analindwa na kifungu cha 135. Na mahakama zetu zina msimamo wa muda mrefu: katika kesi ya mwaka 1995 iliyoihusu NBC, Mahakama ya Rufani ilisema mahakama haiwezi kuingilia mwenye rehani anapotumia haki yake ya kuuza, isipokuwa kuwe na rushwa au njama na mnunuzi. Mzee wangu atathibitisha njama kwa kutumia nini? Kwa hiyo haki ya bei nzuri ipo kwenye karatasi, na mlango wa kuifikia ni mwembamba.

Angalia pia nani anahesabiwa siku. Mdaiwa ana siku 60 za notisi. Mnada unatangazwa siku 14. Wenzetu Kenya, kwa Sheria yao ya Ardhi ya 2012, wanampa mdaiwa miezi mitatu kurekebisha, halafu notisi nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza, na dalali wa mnada naye ana siku zake 45. Tunaweza kubishana kama hizo ni nyingi mno. Ninachosema mimi ni kwamba hapa kwetu kila siku inayohesabiwa ni ya mdaiwa. Benki ikiletewa ofa halali, saa haipo. Inaweza kukaa na barua yako mpaka riba imekula tofauti yote.

Na usidhani hili ni jambo la kimapinduzi. Marekani, nchi ya mabenki, ilikutana nalo baada ya anguko la nyumba la 2008. Kule mamilioni ya watu walijikuta nyumba ina thamani ndogo kuliko deni, na madalali wao walikuwa wanalia kilio hiki hiki: mnunuzi yupo, benki haijibu, mnunuzi anaondoka. Dawa waliyoitumia kwa mikopo iliyoko chini ya Fannie Mae na Freddie Mac, kuanzia Juni 2012, ilikuwa ya kawaida kabisa: ofa ikifika, jibu ndani ya siku 30, kama mnahitaji muda zaidi, mpeni mtu taarifa kila wiki, na uamuzi wa mwisho usivuke siku 60. Basi. Hakuna benki iliyokufa kwa hilo.

Sisi tuna Benki Kuu ambayo mwaka 2019 ilitoa kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha. Mamlaka ya kutunga kanuni wanayo. Kinachokosekana ni mtu wa kuwasukuma, na hapo ndipo naona kazi ya vijana wa chama hiki. Kanuni iseme ofa ya maandishi yenye uthamini wa mthamini aliyesajiliwa ijibiwe ndani ya siku 30, ikikataliwa sababu ziandikwe, na katika siku hizo mnada usitangazwe. Ofa ikikubaliwa, salio linalobaki liandikiwe mkataba wake palepale, ili mtu asije kufuatwa miaka mitatu baadaye na deni alilodhani limekwisha.

Nimeshasikia pingamizi, tena kutoka kwa kamanda mwenzetu anayefanya kazi benki. Anasema watu watacheza: utaleta shemeji yako na ofa ya uongo ili tu mnada usogee. Hoja hiyo ina uzito, sitaipuuza. Hela wanazokopesha ni za wenye akiba, wakiwemo mama zetu. Ndiyo maana nasema ofa iwe na uthamini, hela ya mnunuzi ionekane kwenye akaunti, na nafasi hiyo itumike mara moja tu. Shemeji asiye na hela atakwamia hapo hapo mlangoni. Na kama hofu ni madalali, basi tusajiliwe! Tangu 2016 wathamini wana sheria yao na bodi yao. Dalali wa nyumba mpaka leo ni yeyote mwenye simu na maneno matamu. Wizara inaahidi sheria ya sekta ya milki mwaka hadi mwaka. Mimi wa kwanza kupanga foleni.

Kuna wengine watasema hili ni tatizo la watu wachache wenye hati, vijana hawana hata kiwanja. Mikopo ya nyumba yenyewe nchi nzima ni elfu chache, kweli, kwenye nchi iliyohesabu watu milioni 61.7 kwenye sensa ya 2022. Lakini mzee wangu hakukopa kununua nyumba. Alikopa mtaji kwa kuweka nyumba. Hao ndio wengi: mwenye duka Maili Moja, mwenye mashine ya tofali, kijana aliyeshika hati ya baba yake ili apate zabuni. Tunawaambia vijana wajiajiri, wakope, wathubutu. Basi tuseme pia kinachowangoja zabuni isipolipwa.

Wakati tunasubiri kanuni, kama wewe au mzazi wako ameshapata notisi: usingoje siku ya 50. Andika barua ya kuomba kuuza mwenyewe wiki ya kwanza, hata kama mnunuzi hajapatikana. Peleka nakala mbili, ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Kila ofa iwe kwenye karatasi, siyo WhatsApp na ofisa mikopo. Uliza mthamini yupi wanamkubali kabla hujalipa mtu. Ukikaliwa kimya, andika barua ya pili ikitaja tarehe ya ile ya kwanza, na nakala uipeleke Benki Kuu. Bango likibandikwa, lipige picha siku hiyo hiyo.