Ndege ya Ukerewe: kilo nne angani, watu majini

Wadau, wa Mwanza mnaikumbuka ile ndege isiyo na rubani ya mwaka 2018? Vijana wa Kijerumani wa Wingcopter, pamoja na DHL na GIZ, waliirusha miezi sita kati ya Mwanza na Ukerewe ikipeleka dawa. Kilomita 60 kwa dakika 40, wakati ukizunguka kwa barabara ni kama 240, saa sita. Inapaa wima kama helikopta, halafu inalaza mapanga yake na kukimbia kama ndege ya kawaida. Mimi nimeishia kidato cha nne, lakini hapo nawavulia kofia.

Sasa twende kwenye hesabu. Wenyewe walisema majaribio yote yalifika kilomita 2,200. Gawanya kwa 60, unapata safari 36 hivi. Mzigo wa mwisho ni kilo nne. Hata ingejazwa kila safari, miezi sita haifiki kilo 150, yaani mifuko mitatu ya simenti.

Najua mtaniambia kilo nne za damu zinaokoa mzazi. Kweli kabisa. Rwanda toka 2016 Zipline wanapeleka damu, ila kule serikali iliingia mkataba, ikawa huduma. Kwetu lilikuwa jaribio, likaisha, na mwaka 2021 DHL wakaachana na Parcelcopter moja kwa moja.

Kinachoniuma ni tarehe. Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipinduka ikikaribia Bwisya, Ukara. Kivuko cha watu 100, wakafa zaidi ya 220. Mwezi uliofuata wageni wakajaa Mwanza kwenye Lake Victoria Challenge, kuangalia droni zikiruka kwenda Kisiwa cha Juma. Ziwa lile lile jamani! Kuhesabu watu wanaopanda kivuko hakuhitaji mhandisi wa Ujerumani.

Kivuko kilichokuja baadaye, MV Ukara II, kilijengwa hapa hapa Mwanza na Songoro Marine. Hakina mbwembwe, ila kikiharibika mafundi waliokiunga unawafuata kwa daladala. Zanzibar nao, walipopiga ramani ya visiwa kwa droni kuanzia 2016, wanafunzi wa SUZA walifundishwa kuzirusha wenyewe.

Wadau wa Ukerewe, kuna kijana yeyote huko aliyeachiwa ujuzi wa kuirusha au kuitengeneza ile ndege? Semeni tujue.